Uchochoro Niliouhesabu Jumapili

Mwanangu Naseriani,

Uchochoro wetu wa Kijenge, ule unaoshuka mtoni na kutokea mjini, umefungwa kwa sababu yangu. Najua tunawalaani watu wa mradi kila tunapozunguka barabara kuu. Mimi pia nawalaani, kwa sauti, mbele yako. Lakini mtu wa mradi aliyeandika kwamba pale hapapiti watu ni mimi. Niliandika uongo, nikaweka sahihi yangu chini yake, na sijamwambia mtu yeyote mpaka leo. Bibi yako Koko hajui, wala Mjomba, wala mchungaji. Wewe ndiye wa kwanza.

Jumamosi hii kuna mkutano wa mtaa. Watu wa ofisi ya mradi wanakuja kusikiliza kwa mara ya mwisho, kisha uchochoro utakabidhiwa ile hoteli ya jirani moja kwa moja, upandwe maua, na hakuna atakayepita tena pale, si Koko, si wewe ukirudi likizo. Wakati huo utakuwa bwenini Babati. Ndiyo maana naandika leo.

Niko kwenye meza ya jikoni na ni saa kumi na moja jioni. Wewe uko nje unanyolewa kwa ajili ya shule, nakusikia.

"Mjomba, hii ni mashine ya kondoo?"

"Kondoo haongei. Tulia."

Habari za sabuni, kufuli la tranka na kutoazimisha kandambili Mjomba amezisema mara tatu, sina la kuongeza. Nina hili moja tu, na nina hasira nalo kiasi kwamba karatasi ya kwanza imechanika kwa kalamu nikaitupa motoni, ikaungua.

Huenda utacheka ukiona nimeandika "mwanangu", maana ukiniita huwa unavuta "mamdogooo" kama unaita mbuzi, na mimi nimekuzidi miaka mitano tu. Siku tuliyomzika mama yako, dada yangu, ulikuwa na miaka minne. Koko alichukua mkono wako akauweka kwenye wangu, akasema mbele ya wageni, "Mama mdogo ni mama. Huyu sasa ni wako." Wakubwa walitabasamu kwa kuwa nilikuwa na miaka tisa na pua inachuruzika. Mimi sikutabasamu. Nilikwenda nikatafuta maji, nikakuosha miguu, kwa sababu ulikuwa umekanyaga udongo wa kaburini na hilo ndilo jambo la kwanza la umama nililoliona la kufanya. Tangu siku hiyo sijawahi kulichukulia neno lile kama utani. Kwa hiyo mama yako amekukosea, na anakuandikia kama mama.

Nilipomaliza kidato cha nne, Desemba, watu wa mradi walitafuta vijana kumi na wawili wa kuzunguka mjini na fomu. Kazi ilikuwa kupima kama mgeni anaweza kutembea kwa miguu katikati ya Arusha bila kuogopa gari wala kutumbukia mtaroni: atoke hotelini, afike kwenye maduka ya vinyago, afike sokoni, arudi. Tulipewa vizibao vya njano na futi ndefu. Kila mtaa tulipima upana wa njia ya miguu, tukaandika kama kuna kivuli, taa, pa kuvukia, na kama machinga wamepanga viatu mpaka mtu ashuke barabarani. Kisha lilikuja suala la mitaa kuungana. Njia hii inatokea wapi? Inakomea ukutani, au inakufikisha mtaa wa pili? Kwenye vichochoro tulitakiwa kusimama saa moja nzima, siku ya kazi, asubuhi, na kuhesabu kila anayepita. Uchochoro wenye watu unachorwa kwenye ramani. Usio na watu hauchorwi.

Niliipenda kazi hiyo, Naseriani, sitakudanganya. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mahali ambapo hakuna aliyeniuliza kwa nini siongei. Unapima, unaandika, unaondoka. Kaka Deo, msimamizi wetu, alikuwa anainua fomu zangu juu na kuwaambia wenzangu, "Mnaona? Mwandiko kama wa kitabu. Huyu binti hana maneno mengi lakini kazi anaijua." Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Unakumbuka nilikupima urefu wa kitanda chako kwa ile futi, nikakuambia kitanda hakikidhi viwango.

Lakini siku ya kwanza kabisa ya mafunzo niliona kitu. Fomu ilikuwa na mstari unaosema: Je, mgeni atajisikia salama kupita hapa? Niliisoma yote mpaka nyuma, hapakuwa na mstari hata mmoja unaouliza kama mwenye mji anapita hapo, anatoka wapi, anakwenda wapi, amebeba nini. Kaka Deo akauliza, "Kuna mwenye swali?" Swali nilikuwa nalo. Nikaangalia meza. Akasema, "Vizuri, basi tumeelewana," na sisi sote tukawa tumeelewana.

Uchochoro wetu ulikuwemo kwenye orodha yangu. Nilikwenda Jumanne, saa moja kasoro asubuhi, nikavaa kizibao, nikasimama pale juu kwenye kona. Unaujua ulivyo saa ile. Kina mama wa maziwa walikuwa wanashuka na madumu yao, mmoja nyuma ya mwingine.

"Takwenya," nikawaamkia.

"Iko," wakaitikia, kisha Mama Loishiye akasimama, akanitazama kizibao toka juu mpaka chini. "Nembris. Umekuwa trafiki?"

"Hapana, mama. Nahesabu wanaopita."

"Basi huyu mhesabu mara mbili," akamwonyesha mwenzake kwa kidevu, "maana uchochoro mzima ni wake."

"Hesabu na mashavu yako wewe," yule mwenzake akajibu. "Na ng'ombe wa Koko je, umewahesabu? Jana jioni mmoja alikuwa kwenye mahindi yangu, sikusikia mtu akipiga hesabu."

Wakacheka mpaka madumu yakagongana. Waliokuwa nyuma yao, ambao hata hawakusikia utani wenyewe, nao wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanafurahi kuniona na kazi, na kama ningecheka nao wangepita, nami ningeendelea kuandika vistari vyangu. Badala yake masikio yalinichoma. Nilivua kizibao, nikakisokomeza kwenye mfuko, nikaondoka. Sikumaliza hata dakika kumi.

Jumatano sikwenda. Alhamisi nilifika kwenye kona, nikaona kanga za kina mama kwa mbali, nikageuka. Ijumaa nilijiambia kesho. Jumamosi si siku ya kazi. Fomu zilitakiwa Jumatatu.

Jumapili nilimwambia Koko tumbo linaniuma. Ulipokuja kuniaga kwenda kanisani uliniwekea mkono kwenye paji la uso, ukasema sina joto. Mlipoondoka nikavaa, nikaenda kwenye uchochoro, nikasimama saa nzima kama fomu ilivyotaka. Kwa Kijenge unajua maana ya saa nne ya Jumapili: hata anayemwogopa mchungaji na asiyemwogopa, wote wako ibadani au wanasingizia wako huko. Mlinzi wa hoteli alitoka, akanitazama sana.

"Dada, unamngoja nani?"

"Simngoji mtu. Nahesabu wanaopita."

"Leo?" Akacheka. "Leo wako kanisani. Njoo kesho saa moja, utakanyagwa."

Alijua. Mlinzi, aliyekuja mjini hata mwaka hajamaliza, alijua. Nilimjibu "Asante," nikaendelea kusimama. Akapita mzee mmoja na baiskeli. Wakapita wazungu wawili, mke na mume, wamepotea, wakaniuliza kama njia inatokea mjini. Nikawaambia inatokea, shukeni mpaka kwenye daraja dogo, mtaona mtaa. Saa ikaisha. Nikaandika: Waliopita, watatu. Maoni: hautumiki sana. Na pale palipoandikwa Siku, nikaandika Jumanne.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliandika Jumanne. Ningeandika Jumapili, Kaka Deo angenirudisha. Angenirudisha kwenye kona ile, kwa Mama Loishiye, na kizibao. Nilijua hivyo nikiwa nimeshika kalamu. Nilichagua kutokuchekwa.

Siku ambayo geti liliwekwa tulikuwa wote, wewe na mimi, Aprili, unakwenda shule na mimi nakusindikiza na maziwa ya Koko. Tukakuta mabati na kibao. Kiliandikwa kwamba njia imefungwa, kwamba tathmini imeonyesha haitumiki na wenyeji. Ulikisoma kwa sauti, kwa ile sauti yako ya kusoma risala, kisha ukanigeukia.

"Mamdogo, nani alisema hatupiti hapa? Kwani sisi si watu?"

Nikasema, "Sijui. Twende, utachelewa."

Nataka ujue kwamba katika yote, hilo "sijui" ndilo linaloniamsha.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu nikianza kujilaumu peke yangu nitakuwa nimedanganya tena. Uongo wangu ulikuwa wa mistari mitatu. Hoteli ilikuwa inautaka uchochoro ule tangu zamani, walinzi wao walikuwa wanawafokea kina mama wasiongee kwa sauti kwa kuwa wageni wamelala. Wageni wamelala. Saa moja asubuhi, Arusha, mtu amebeba maziwa ambayo hao hao wageni watayanywa wakiamka. Walichokosa ni karatasi tu, na mimi nikawapa. Ofisini nako hakuna aliyefika kuangalia. Kutoka dirishani kwao mpaka kwenye uchochoro ni mwendo wa robo saa kwa miguu, na wao ndio waliokuwa wanapima mwendo wa miguu. Hakuna aliyejiuliza inakuwaje njia imechimbika katikati kwa nyayo kama mfereji, halafu haipitiwi na watu.

Na hiki ndicho kinachonichoma kuliko vyote. Lile daraja la barabara kuu, ambalo sasa tunalipita, nilipima mimi pia. Wiki ile ile. Nilipima kwa haki, hapo hakuna wa kunitania, magari hayaongei. Niliandika: njia ya miguu, hakuna. Mtaro wazi upande mmoja. Ukuta upande wa pili. Anayetembea hana pa kukwepea. Fomu hiyo ilikuwa kweli tupu, na mwandiko wake mzuri vile vile. Hakuna aliyeweka hata jiwe moja. Waliamini fomu yangu ya uongo ndani ya miezi minne, ile ya kweli wakaiweka kabatini.

Wakazi nao nina hasira nao. Mwenyekiti wa mtaa alipotangaza kwamba uchochoro umefungwa, watu walinung'unika, mmoja akasema, "Tutazunguka tu, tutafanyaje," wakakung'uta kanga zao wakaenda kupika. Watu wamepita pale tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimekaa nyuma yao. Nilitamani mmoja apige kelele ili mimi nisilazimike.

Mei, Koko akagongwa. Hapo kwenye daraja, pale pasipo na njia. Gari la watalii lilikuwa linapishana na lori, kioo chake cha pembeni kikampiga begani, akatupwa mtaroni na madumu yake. Dereva alisimama, alimbeba mwenyewe, na nilipofika hospitali alikuwa amekaa sakafuni analia, shati limeloa maziwa. Yeye sikuweza kumkasirikia. Barabara ilikuwa na upana wa magari mawili na Koko alikuwa wa tatu.

Koko nilimkuta kitandani, nyonga imevunjika, midomo mikavu. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni, "Ng'ombe wa jioni nani anakamua?" Nikamwambia ni wewe. Akasema, "Mwambie mtoto asije kunitazama kwa ile barabara. Asipite pale peke yake tena."

Ukawa ndio mwanzo wa habari ya bweni. Mjomba alikuja, akakaa, akasema mtoto hawezi kupita daraja lile kila siku asubuhi na jioni, tumeshauguza mmoja inatosha, kuna shule Babati, atalala huko huko. Hakuna aliyekuuliza. Uliondoka ukaenda bandani kwa ng'ombe, ukarudi wakati wa kulala. Tulipozima taa ukaniuliza, polepole, "Mamdogo, ni kwa sababu nachelewa shule? Nikiamka saa kumi nitawahi. Hata saa tisa naweza."

Nikakuambia, "Lala."

Naseriani, hukufanya kosa lolote. Ulichelewa kwa sababu njia iliongezeka. Unapelekwa mbali kwa sababu daraja halina pa kukanyaga, na uko darajani kwa sababu uchochoro umefungwa, na uchochoro umefungwa kwa sababu mimi niliogopa kuchekwa na Mama Loishiye. Soma mstari huu kila siku utakapojisikia umefukuzwa nyumbani. Umeondolewa nyumbani kwa kosa la mama yako.

Nilijaribu kulirekebisha mara moja, nikalirekebisha kama mimi. Mwezi uliopita nilikwenda kwa Kaka Deo. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

"Shikamoo, kaka. Nilikuwa nauliza. Kama fomu moja ina kosa, inakuwaje?"

"Marahaba. Kosa la nani?"

"La mtu yeyote. Nauliza tu."

Akaniangalia, akacheka. "Fomu haina kosa ripoti ikishachapwa. Maji yakimwagika hayazoleki, mdogo wangu. Wewe umefanya kazi nzuri, usianze kuota usiku." Kisha akasema, "Ningekuwa na wasichana wapole kumi kama wewe, mji huu ungekuwa umepimwa wote."

Nilimshukuru. Fikiria, nilimshukuru. Nilipofika nje ndipo hasira ilinipanda mpaka nikashindwa kuvuka barabara. Wapole kumi kama mimi. Vichochoro kumi vimefungwa.

Watu wamenisifu kwa upole maisha yangu yote na wewe watakusifu pia, maana umeanza kunifanana. Naona unavyojificha nyuma ya mlango wageni wakija. Nikiwa kidato cha pili, kitabu cha maktaba kilipotea, na mwalimu akamshika msichana mmoja kwa kuwa ndiye wa mwisho kuonekana nacho. Kitabu kilikuwa kwenye mkoba wangu. Sikukiiba, nilikuwa nimekichukua kwa haki, nilichotakiwa ni kunyoosha mkono na kusema "Ninacho mimi" mbele ya wanafunzi hamsini. Sikuweza. Yule msichana aliosha vyoo wiki nzima. Siku ya mwisho nilimpelekea embe na kumwambia pole, akaniambia, "Nembris, wewe una roho nzuri." Nilikirudisha kitabu kimya kimya kwenye rafu na watu wakaendelea kusema nina roho nzuri. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba mtu asiyeongea haulizwi, na nikaona ni salama, sikuona kwamba kila mara kuna mwingine anayeosha vyoo.

Sikuambii ubadilike uwe mpiga kelele. Mimi mwenyewe sijabadilika. Nakuambia tu nilichokiona. Huko Babati watakuuliza, kuna mwenye swali? Kama unalo, nyoosha mkono hata kama sauti inatetemeka. Ukitetemeka watacheka, kisha watasahau kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilikwepa kicheko cha dakika mbili na Koko anajifunza upya kutembea. Na siku ukipewa kuhesabu kitu chochote, watu au viti au sahani za bwalo, kabla hujaandika, jiulize nani leo hayupo na yuko wapi. Sifuri huwa ina watu wake.

Jumanne iliyopita nilikwenda tena kwenye kona. Saa moja kasoro. Kizibao sina, niliwarudishia. Nilichukua daftari lako la zamani la hisabati, upande usioandikwa, nikasimama mbele ya geti kuhesabu wanaofika na kugeuka. Maana bado wanafika. Kuna ambao miguu inawaleta yenyewe, wanakuta bati, wanasema neno ambalo sitakuandikia, wanageuka. Kuna mama wa Lemara aliyekuja na mtoto mgonjwa mgongoni hajui kama pamefungwa. Kuna wageni na simu zao, simu inawaambia pita, bati linawaambia rudi. Na kina mama wa maziwa wanapita juu kuelekea barabarani. Mama Loishiye aliniona.

"Trafiki karudi," akasema. "Na leo je, unahesabu mabati?"

Wenzake wakacheka. Masikio yakanichoma kama siku ile. Nikasema, "Nahesabu wanaogeuzwa, mama. Naomba na wewe nikuandike."

Akaacha kucheka. Akatua dumu chini. "Niandike," akasema. "Andika na dumu. Andika na mgongo."

Nilisimama mpaka saa mbili. Ukurasa ulijaa, nikafungua mwingine. Ndivyo ingekuwa ile Jumanne ya Desemba kama ningesimama. Isingehitaji ujasiri mkubwa kuliko huo, na hilo ndilo linalonifanya nitake kuuma kitu.

Jumamosi nitalipeleka daftari mkutanoni. Lakini daftari peke yake halitoshi. Watasema hesabu hiyo ni ya juzi, ya msichana mmoja asiye na kibali, na wao wana ripoti. Ripoti haianguki mpaka mtu aseme fomu ile ni ya uongo na ni yake. Itabidi nisimame. Itabidi niseme jina langu, niseme Jumapili, niseme Jumanne, Kaka Deo akiwa amekaa mbele na Mama Loishiye nyuma, na Koko kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango na fimbo zake. Amesema lazima apelekwe, hata kwa bajaji. Labda watafungua. Labda watanifokea mimi na geti libaki pale pale. Likifunguliwa, nitamwambia Mjomba siku hiyo hiyo kwamba sababu ya bweni imekwisha, na wewe utachagua, kwa mdomo wako, kama unabaki Babati au unarudi. Naapa kwamba safari hii utaulizwa.

Ninachoogopa zaidi ni uso wa Koko. Hajawahi kuniuliza nilihesabu nini ile Desemba. Wakati mwingine nikimgeuza kitandani ananishika mkono na kusema, "Mwanangu hana makelele," na nakaribia kusema, halafu anasinzia.

Kwa hiyo nina ombi. Barua hii nitaiweka chini ya shuka kwenye tranka, utaikuta ukitandika kitanda kesho jioni. Usimwambie mtu. Usimwambie msichana wa kitanda cha juu, usimwandikie Mjomba, na usimpigie Koko. Nataka alisikie kwa sauti yangu, nikiwa nimesimama, niuone uso wake na yeye auone wangu. Nitunzie mpaka Jumamosi saa sita mchana.

Matroni amesema mtaruhusiwa simu moja kila Jumapili. Piga nyumbani, na mwombe Koko mwenyewe aje kwenye simu. Muulize mkutano ulikuwaje. Akikuambia nilichofanya, mwache aseme yote, hata akinitukana, usinitetee. Lakini akikuambia kwamba ulikwenda vizuri, kwamba Nembris alikaa kimya kama kawaida yake, basi siri yangu imekwisha muda. Msomee barua hii yote, kuanzia juu.

Mama yako mdogo,
Nembris